Jeneza la Mazoezi

Wiki niliyokabidhi funguo za ofisi, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu keki ilikuwa inakatwa. Aliuliza kwa nini enzi zetu tuliwahangaisha wanafunzi kusafiri kutoka Lugarawa, Mdandu na kwingineko hadi Makambako, walale kwenye mikeka, ili waje kusikia mambo ambayo yameshaandikwa kwenye vitabu walivyoviacha mezani kwao. Ninyi siku hizi mnakutana nao kwenye simu, mtu kajifunika blanketi lake, uji pembeni. Nilimwambia, "Mwanangu, kula keki kwanza." Sasa nimestaafu, viazi vyangu vimepaliliwa, na baridi ya Njombe haimruhusu mtu wa umri wangu kutoka nje kabla jua halijapanda. Ngoja nijibu.

Nilianza kazi hii nikitokea shule ya msingi Mdandu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mkali, mwenye chaki katika kila mfuko. Kanisa lilikuwa linatafuta mtu wa kufundisha masomo ya enezi, na mume wangu, ambaye alikuwa amechoka kusahihishwa nyumbani, alinihimiza niombe. Kwa mgeni atakayesoma haya, masomo ya enezi ni hivi: mwanafunzi wa theolojia haachi shamba lake wala kanisa lake kwenda kukaa chuoni miaka mingi. Anabaki kwake, vitabu vinamfuata, anasoma kwa kibatari, anajibu maswali, na kila baada ya miezi miwili anakuja kituoni kukutana na mwalimu na wenzake. Wengi walikuwa wainjilisti wa vijijini, watu waliokuwa wakihubiri kila Jumapili na wasio na wa kumwachia kundi.

Siku yangu ya kwanza sikuona mwanafunzi hata mmoja. Niliona mashine ya kurudufu. Ilikaa chumba cha nyuma pale Njombe, na ilikuwa na tabia zake kama mkwe: ukizungusha mpini haraka inakula karatasi, ukizungusha polepole inatapika wino. Kufika saa nne nilikuwa nimelowa wino mpaka kwenye kilemba. Baba Mchungaji Ngailo, aliyeiendesha kazi ile kabla yangu, alisimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Sasa umeshabatizwa. Njoo unywe chai."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mnene, mpole, na alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuubadili mpaka mwisho: mwanafunzi wa enezi hasahihishwi kabla hajala. "Huyu ametembea," alikuwa akisema. "Ukimwonyesha kosa tumbo likiwa tupu, kosa atalikumbuka, jibu atalisahau." Nimehudhuria semina nyingi za ualimu tangu hapo, zingine za hoteli kabisa, na sijasikia kanuni inayoizidi hiyo.

Tulisafiri na sanduku la bati la vitabu, taa ya karabai, na ubao wa plaiwudi tuliouchora rangi nyeusi wenyewe. Ubao ulifungwa juu ya basi. Sasa upepo wa Makambako, anayeujua anaujua. Safari moja uliung'oa ubao na kwenda kuutua kwenye shamba la alizeti la watu, na mwenye shamba akakataa kuurudisha mpaka aambiwe kilichoandikwa. Ilikuwa ni safari za Mtume Paulo. Mchungaji Ngailo alianza kumsimulia palepale, abiria wakimngoja, na yule bwana hakuuachia ubao mpaka tulipofika Rumi.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya sukari na sabuni tulianza kuona vitu vimelundikana madukani, ikabaki shida ya mfuko tu. Mahindi nayo, yaliyokuwa na mnunuzi mmoja, sasa aliyanunua kila mwenye lori. Makambako ikafumuka. Reli iko pale, njia panda iko pale, basi watu wakaja kutoka kila mkoa. Mmoja wao alikuwa Bwana Shabani, Mrangi kutoka Kondoa, mwenye malori mawili, duka, na ghala la bati nyuma ya soko. Chumba tulichokuwa tukikitumia kilipoanza kuvuja kupita kiasi, yeye ndiye aliyetupa ghala lake bure katika miezi ambayo mahindi yamekwisha. Mchungaji Ngailo alimwuliza kama haoni shida Wakristo kusoma dini yao ndani ya mali yake. Bwana Shabani akacheka. "Panya wanakaa humo bure mwaka mzima, seuze watu wanaomwomba Mungu."

Basi ghala likawa chuo. Ijumaa jioni walianza kuingia, mmoja kwa baiskeli, mwingine kashuka juu ya magunia ya lori, wa Lugarawa akiwa amelala njiani. "Kamwene, Mwalimu." "Kamwene." Habari za watoto, habari za mvua, habari za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa mara ile. Kila mmoja alishika kitu, viazi, maharage, chupa ya asali, na vyote vilikwenda kwa Mama Zuhura, mama lishe aliyekuwa na kibanda ubavuni mwa ghala. Mama Zuhura alipika kwa sauti. Yaani alipika huku akitugombeza, kwamba watu wa dini tunakula kama vibarua.

Chakula kikiisha ndipo lilipotokea jambo ambalo kitabu hakiliwezi. Mtu aliyesoma peke yake miezi miwili, porini huko, akidhani yeye ndiye mjinga wa darasa zima, alimgeukia mwenzake na kumwuliza chinichini, "Hivi wewe sura ya nne uliielewa?" Na mwenzake akamjibu, "Mimi nilidhani ni mimi tu." Nimeona wanaume wazima wenye wajukuu waking'aa uso kwa maneno hayo. Niliwapenda sana watu wale. Sikuwahi kuwaambia, nilikuwa nikiwagombeza kuhusu mwandiko.

Na wa kupendwa kuliko wote alikuwa Lutengano Mwinuka. Alikuwa mwinjilisti wa kijiji kimoja bondeni, upande wa Wanging'ombe, mrefu, mwenye mikono ya kushika jembe. Majibu yake ya kuandika yalikuwa safi. Alikuwa na utani. Akikaa na kikombe aliweza kumwigiza Mchungaji Ngailo anavyopuliza chai mpaka Mchungaji mwenyewe akamwaga yake. Tulisikia kwamba kanisani kwake anahubiri watu wanasahau kwenda nyumbani. Somo moja tu lilimshinda, nalo lilikuwa mazishi.

Somo la mazishi lilikuwa la vitendo. Kila mwanafunzi aliongoza ibada mbele ya wenzake, wao wakijifanya wafiwa, benchi likijifanya jeneza. Kwa utaratibu wetu, mwinjilisti ambaye hajafaulu somo hilo hakuruhusiwa kuzika. Alitakiwa amngoje mchungaji, na mchungaji alikuwa na vijiji vingi na pikipiki moja. Nanyi mkumbuke ilikuwa miaka gani. Ugonjwa ule ulikuwa umeshaingia Njombe na Makambako, watu wakiona haya kuutaja jina, na kuna Jumamosi makaburi mawili yalichimbwa kijiji kimoja. Kijiji cha Lutengano kilihitaji mtu wa kuzika kama kilivyohitaji kisima. Na sheria ya chuo ilisema, atakayeshindwa somo la vitendo mara tatu, masomo yake yanaishia hapo.

Mara ya kwanza alisimama mbele ya benchi, akafungua kitabu cha ibada, akalitazama benchi. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Tulidhani ni kikohozi, tukampa maji. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Aliketi chini kwenye sakafu ya ghala, kitabu mapajani, na wenzake wakaanza kuchunguza viatu vyao. Nilimfuata nje.

"Lutengano, una nini?"

"Sina kitu, Mwalimu. Sauti inakwenda tu."

"Inakwenda wapi?"

"Ningejua ningeifuata."

Wakati huo Mchungaji Ngailo alikuwa ameshastaafu, na mkuu wa masomo alikuwa Mchungaji Kaduma. Huyu alipenda utaratibu kama wengine wanavyopenda nyama ya kuchoma. Msinielewe vibaya, sikumchukia, na kwa jambo hili alikuwa na hoja. "Mwalimu Tabitha," aliniambia, "mfiwa husahau mahubiri yote aliyoyasikia maishani. Hamsahau mtu aliyevuruga mazishi ya mama yake." Akasema mara ya tatu atakuja Makambako kuona mwenyewe.

Nililiwaza jambo lile wiki nzima nikipalilia, na nikajishawishi kwamba tatizo ni benchi. Mtu mzima utamliliaje benchi? Nikaenda kwa fundi seremala wa karibu na ghala, nikamwomba jeneza alilokuwa amelimaliza na halijapata mnunuzi, la mbao nyeupe. Akaniazima. Ili wabebaji watembee kama wabebaji na si kama watu waliobeba meza, mtunza ghala wa Bwana Shabani akatupa nusu gunia la mahindi yaliyobaki pembeni, tukayatia ndani, tukafunika. Wanafunzi wakachimba shimo fupi kwenye uwanja wenye mikaratusi, ng'ambo ya barabara ya soko. Nilijiona nimefikiria kila kitu. Kitu kimoja sikukifikiria, kwamba kutoka ghalani kufika kwenye mikaratusi lazima upite sokoni, na siku yenyewe ni Jumamosi.

Tulitoka asubuhi. Lutengano mbele na kitabu chake, jeneza nyuma yake mabegani mwa wenzake, sisi wengine tukifuata tukiimba kwa sauti ya chini, na Mchungaji Kaduma mwisho kabisa, akiangalia saa. Tulipoingia barabarani, mwendesha baiskeli wa kwanza alishuka. Wa pili akashuka. Lori lililokuwa linanguruma likazimwa. Muuza mitumba mmoja alivua kofia aliyokuwa amevaa, ambayo nayo ilikuwa ya kuuza. Halafu wapagazi wa soko wakaweka magunia yao chini, wakaja, wakawatoa wanafunzi wangu kwenye jeneza na kuingiza mabega yao.

Kwa watu wetu huwezi kuliona jeneza linapita ukauliza ni la nani. Unaweka bega kwanza, maswali baadaye. Na anayebebewa hawezi kukataa, ni utovu wa adabu. Kwa hiyo wanafunzi wangu, waliolelewa vizuri na mama zao, waliachia jeneza na kusema asante.

Bwana Shabani alitoka dukani kwake, akaona jeneza linatokea upande wa ghala lake, likifuatwa na wanafunzi aliowazoea, akajua mmoja wetu amefia mle. Alifunga duka. Aliwaita majirani zake na wale madereva wake waliokuwepo. "Haraka, haraka, kubeba jeneza ni thawabu, haijalishi la nani!" Wale mabwana hubeba kwa kupokezana na kwa mwendo wa kasi, maiti hacheleweshwi, na msafara wetu wa Kilutheri, uliokuwa unakwenda pole pole kwa heshima, ghafla ukawa unakaribia kukimbia. Wimbo ulikuwa na beti sita. Tulifika kwenye mikaratusi tukiwa ubeti wa pili.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilimkimbilia Bwana Shabani. "Bwana Shabani, naomba nikwambie kitu."

"Pole, Mwalimu. Pole sana."

"Hapana, sikiliza, humo ndani..."

"Utasema baadaye, Mwalimu. Usijitese."

Kila nilipofungua mdomo niliwekewa pole. Nikageuka nikamwona Mama Zuhura anakuja na wanawake wa sokoni, kuni kichwani, debe la maharage mkononi, na alipoliona shimo akaanza kulia. Alilia kwa nguvu ileile aliyopikia. Wakamfuata wengine.

Jeneza likawekwa kando ya shimo. Watu walikuwa nusu ya soko. Kilio kikapungua, upepo ukabaki unavuma kwenye mikaratusi, na wote wakamtazama mtu mwenye kitabu. Nikaona midomo ya Lutengano inaanza kucheza vilevile kama ghalani. Mchungaji Kaduma akasafisha miwani. Nawaambia kweli, sikuwa nawaza tena aibu yangu. Nilikuwa nawaza kwamba hii ndiyo mara ya tatu.

Lutengano akafunga kitabu.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ilitoka kubwa, "humu ndani hamna maiti."

Wapagazi wakatazamana.

"Mna mahindi. Mimi ni mwanafunzi. Najifunza kuzika."

"Mahindi?" Mama Zuhura akauliza, khanga ikiwa bado machoni.

"Mahindi, mama."

"Na machozi yangu nani atanirudishia?"

Bwana Shabani alikuwa anajikung'uta vumbi begani. Akasita. "Mahindi ya nani?" Mtunza ghala akaanza kutazama mawingu. "Yaani, Mwalimu, nimefunga duka nimebeba gunia langu mwenyewe, kutoka ghalani kwangu mwenyewe?"

Nyuma mtu mmoja akaangua kicheko, na kicheko kikaanza kusambaa, wengine wakiguna kwa hasira, wanawake wakisema huo ni uchuro, kuita kifo kwa jina. Lutengano akainua mkono.

"Mnisamehe. Mmekuja kwa wema mkakuta maigizo. Lakini kwa kuwa mmeshakuja, niwaambie. Mke wangu alifariki mwaka juzi, masika. Mchungaji alikwama mtoni. Wazee wakaniambia, wewe ni mwinjilisti, hatusemi uongoze ibada, sema hata neno moja. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Tukafukia hivyohivyo. Watu walitawanyika kimya kama wametoka kuiba. Tangu siku ile hakuna anayemtaja kijijini. Wananionea haya. Mimi mwenyewe simtaji. Kila nikisimama mbele ya sanduku, hata likiwa benchi, namwona yeye, anangoja nimseme."

Kicheko kilikuwa kimekufa. Nilikuwa nimemfundisha mtu huyu kwa miaka miwili, nimejua habari za ng'ombe wake na za paa lake, na hilo sikulijua. Tulijua ni mgane. Tulimpa pole kwa barua ya kurudufu.

Bwana Shabani alisema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha akaketi kwenye udongo wa lile shimo, na kanzu yake nyeupe. "Haya. Duka nimeshafunga. Aliitwa nani?"

"Sekela."

"Basi tuambie habari za Sekela mpaka umalize."

Akawaambia. Kama mwalimu wake nilitegemea angeshika lile neno la Injili la mbegu inayoanguka ardhini na kufa, mahindi yakiwa pale pale sandukuni, na mimi ningelishika bila aibu. Hakulishika. Alisema Sekela alikuwa hawezi kusimulia kichekesho, anacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho, na mpaka leo kuna vichekesho nyumbani kwao ambavyo hakuna anayejua vinaishaje. Alisema Sekela alipanda mparachichi nyuma ya nyumba, yeye akamkataza kwamba utaleta kivuli kwenye mboga, na sasa unazaa. Watu walicheka pale pa kucheka na wakalia tena, kilio cha haki safari hii. Mwisho akaomba, na kila mtu akaitikia amina kwa namna yake.

Alipoinama achukue udongo ili amalize ibada kama kitabu kinavyosema, Mama Zuhura akamshika mkono. "Hapo hapana, baba. Shimo lisilo na mtu halifukiwi kwa maneno. Mengine yote nimevumilia." Wanawake wote wakaunga mkono, na ibada ikaishia hapo.

Tulikula maharage yaliyoletwa kwa ajili ya msiba, wafiwa na waombolezaji pamoja, wakitutania mpaka mchana. Mahindi ya jenezani hakuna aliyetaka kuyala. Bwana Shabani aliwapa kuku, na kuku wale nao hakuna aliyetaka kuwanunua. Fundi alikataa jeneza lake, akasema sanduku likishabebwa na watu halirudi dukani, ikabidi libaki kwetu. Tukalisimamisha, tukalitia rafu, tukalipaka rangi ya kijani. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini lile kabati la vitabu la Makambako limetanuka mabegani. Sasa mmejua.

Mchungaji Kaduma aliniita pembeni kabla ya kuondoka. Macho yake yalikuwa mekundu, akalaumu upepo. "Amesema vizuri, Mwalimu. Sijawahi kusikia vizuri hivyo. Lakini hakufika kwenye udongo, na udongo ndio mazishi. Siwezi kuandika kwamba amefaulu ibada ambayo haikuisha." Nikamwambia ni Mama Zuhura aliyemzuia. "Basi siwezi kuandika pia kwamba ameshindwa. Arudie tutakapokutana tena. Baada ya hapo hakuna tena."

Miezi ile miwili mvua ilinyesha kama ina deni. Kukutana kulipofika, Ijumaa jioni wakaingia wote, mpaka yule wa Lugarawa, ila Lutengano hakuingia. Hakuwahi kukosa hata mara moja. Jumamosi asubuhi Mchungaji Kaduma akafika kutoka Njombe. Tukafundisha, tukala, tukafundisha. Wenzake waliacha nafasi yake wazi kwenye mkeka. Nilikuwa namlaani moyoni, halafu namwombea, halafu namlaani. Niliwaza kwamba tulimlazimisha kulitoa lile jambo mbele ya soko zima, na sasa anaona aibu kurudi. Alasiri Mchungaji Kaduma akaanza kupanga vitu vyake kwenye mkoba, pole pole, kwa namna ya mtu asiyetaka kumaliza.

Ndipo tukasikia honi. Lilikuwa lori la Bwana Shabani lililokwenda kushusha mbolea bondeni, likiendeshwa na Rajabu, ambaye siku ya jeneza alikuwa safarini Songea. Lutengano akaruka chini. Alikuwa na koti lake la Jumapili, na chini ya koti matope mpaka magotini.

"Shikamoo, Mchungaji. Shikamoo, Mwalimu. Mnisamehe kuchelewa. Nilikuwa nazika."

"Marahaba. Nani amefariki?" Mchungaji Kaduma akauliza.

"Bibi mmoja, jirani yangu. Ndiye aliyemwosha mke wangu."

"Mchungaji wenu alikuwepo?"

"Amekwama ng'ambo ya mto."

"Sasa wewe nani alikuruhusu kuzika?"

"Mvua, Mchungaji."

Mchungaji Kaduma alivua miwani, akaivaa tena. "Ulifika kwenye udongo?"

"Nilifika."

Mwanafunzi hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe, hata huo ni utaratibu. Mchungaji Kaduma akamgeukia dereva. "Ndugu, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mchungaji," Rajabu akasema. "Siwezi kupita na lori penye msiba. Nilishuka nikabeba."

"Alifuata utaratibu?"

Rajabu akajikuna kichwa. "Utaratibu wenu mimi siujui, ni Mwislamu. Ninachojua, alipomaliza watu walitawanyika wakizungumza. Wanamtaja yule bibi, wanacheka, wanafuta machozi, wanamtaja tena. Mpaka nawasha gari bado wanaongea." Akaongeza, "Na kuna mwingine walikuwa wanamtaja naye. Sekela. Sijui ndiye nani."

Lutengano aligeuka akatazama ukuta wa bati. Wenzake wawili wakaenda kusimama karibu naye, mmoja kila upande.

Mchungaji Kaduma akafungua tena mkoba aliokuwa ameshaufunga, akatafuta kalamu. "Mwalimu," akaniambia, bila kuinua uso, "mtu huyu ametembea. Mpe chakula kwanza. Mimi naandika hapa kwamba amefaulu."

Mama Zuhura alikuwa ameshapakua.